Jirani wa Kiwanda na Ashike Daftari

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Mkuyuni, Mwanza, juu ya kujikinga na sumu za viwandani katika makazi.



Nimeombwa nizungumze juu ya usalama wa familia zinazoishi karibu na viwanda. Nafurahi kwamba tunazungumza hapa Mkuyuni, kwa kuwa mahali penyewe panaeleza jambo hili kabla msemaji hajafungua kinywa. Upande mmoja iko Ghuba ya Mwanza, na kando yake inapita reli. Upande wa pili viko vilima vya mawe ambavyo nyumba zimevipanda hadi kileleni. Katikati, kuanzia Igogo kuja huku, viko viwanda vya samaki, karakana, maghala na gereji. Mvua ikinyesha, kila kilichomwagwa juu huteremka, hupita milangoni mwa watu, kisha huishia ziwani. Na ziwani ndimo tunamovua kitoweo, na ndimo tunamochota maji ya mji, kwa mitambo ya Capri Point na ile ya Butimba.

Jambo ninalotaka tuondoke nalo leo ni hili. Anayeishi jirani na kiwanda hawezi kujilinda kwa pua yake wala kwa uvumi wa mtaani. Atajilinda kwa kuzijua njia ambazo sumu huzipitia kuingia nyumbani, kwa kuandika anayoyaona, na kwa kudai kipimo. Na watu wanaoweza kuwaongoza wananchi katika mambo hayo matatu ni ninyi mliomo humu.

Viwanda na watu

Tusielewane vibaya. Sikuja kuwalaani wenye viwanda. Viwanda vya samaki vimewapa vijana wetu ajira na taifa fedha za kigeni, na hakuna mzazi wa Mwanza anayetaka mwanawe akose kazi. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoyataja mambo manne yanayohitajiwa ili tuendelee, lilianza na watu, likafuatia ardhi, ndipo zikaja siasa safi na uongozi bora. Sumu ya kiwanda huharibu hayo mawili ya kwanza kwa pamoja. Kiwanda kinachomlipa baba mshahara huku kikidhoofisha akili ya mwanawe kinatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mwingine, na hesabu yake yafaa ifanywe mapema.

Pua si kipimo

Wengi wetu huupima uchafu kwa harufu. Maji ya kiwanda cha samaki yananuka, basi tunasema hiyo ndiyo sumu. Kwa kweli uchafu wa aina hiyo ni mafuta, damu na mabaki ya nyama. Ukimwagwa ziwani bila kusafishwa huimaliza hewa ya oksijeni majini, huua samaki, na huyarutubisha magugu, likiwemo gugumaji ambalo limetusumbua katika ziwa hili tangu miaka ya mwisho ya 1980. Ni uchafu mbaya, na sheria inautaka usafishwe. Hata hivyo, unajitangaza wenyewe.

Yapo madhara mengine yasiyojitangaza. Madini ya risasi yatokayo katika betri za magari hayana harufu. Mvuke wa zebaki hauonekani kwa macho. Maji yenye kromiamu kutoka kiwanda cha ngozi yaweza kuwa maangavu kabisa. Mtu huishi navyo miaka mingi, akihesabu kila ugonjwa kuwa malaria au homa ya matumbo.

Ushahidi wa jambo hili uko kwa jirani zetu wa Kenya, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa. Mwaka 2007 kilifunguliwa hapo kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi. Kilipakana na makazi ya watu wapatao elfu tatu. Moshi uliwafikia majumbani, na majitaka yakapita kati yao. Mwaka 2009 mama mmoja kijana, Phyllis Omido, aliajiriwa humo kusimamia uhusiano wa kampuni na wananchi. Mwanawe mchanga akaugua, na waganga wakamtafuta malaria na homa ya matumbo wasivione. Alipopimwa damu, ilionekana ana risasi mwilini. Mama aliacha kazi. Lakini hakuishia kulalamika, bali alihakikisha kwamba watoto wengine watatu wa mtaa ule nao wanapimwa damu, na wote wakaonekana wana kiwango kilichozidi kipimo.

Ndugu zangu, hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kabla ya vipimo vile palikuwa na manung'uniko. Baada yake palikuwa na ushahidi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wananchi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na ikagawanya lawama kati ya kampuni na vyombo vya serikali vilivyoruhusu kiwanda kufanya kazi pasipostahili. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tazameni urefu wa safari. Miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa, watu walikuwa bado mahakamani, na risasi iliyokwisha kuingia katika mifupa ya mtoto haiondolewi na hukumu. Ndiyo maana kinga ni bora kuliko tiba.

Walimu yawapasa walisikilize jambo hili kwa namna ya pekee. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiila au akiinywa, mwili wake huifyonza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Humpunguzia damu, humfanya asitulie, asishike masomo, asikumbuke alichofundishwa jana. Mtoto wa namna hiyo akiingia darasani huitwa mvivu, na pengine huchapwa. Wanafunzi kadhaa wanaotoka kona moja ya mtaa wakionekana wote wazito wa kushika masomo, mwalimu mwangalifu, kabla ya kuwakemea, atauliza ni kazi gani inafanyika katika kona ile.

Njia tano za kuingia nyumbani

Sasa tuzitazame njia ambazo sumu huzipitia, na namna ya kuziziba kwa uwezo wa mtu wa kawaida.

Njia ya kwanza ni vumbi na moshi. Vumbi la kiwandani hutua juu ya bati, sakafu, vyombo na mikono ya watoto. Fagio kavu hulirusha hewani likavutwa tena. Nyumba iliyo karibu na karakana ipigwe deki kwa kitambaa kibichi, watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na chakula kifunikwe. Maji ya bati la nyumba ya namna hiyo yatumike kwa kazi nyingine, yasinywewe. Kuchoma nyaya ili kupata shaba, kuchoma plastiki, na kuyeyusha betri kwa mkaa uani ni kufungua kiwanda cha sumu ndani ya nyumba yako. Kazi hizo zisifanyike mtaani kabisa.

Njia ya pili ni maji. Hapa iko imani moja inayotupasa kuiondoa. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara, na tusiache kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi risasi, wala zebaki, wala kromiamu. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki sufuriani, nayo huzidi kuwa kali. Kwa hiyo kisima kifupi kilichochimbwa chini ya gereji au karibu na mfereji wa kiwanda kisitumiwe kwa kunywa mpaka kimepimwa. Maji ya bomba ya mamlaka ya maji, ambayo hupimwa, yatangulizwe.

Njia ya tatu ni udongo na kile kinachoota juu yake. Mchicha wa bondeni hustawi sana kando ya mifereji, na akina mama wengi wanautegemea. Mfereji ukibeba maji ya kiwandani, bustani ihamishwe juu, au mboga zipandwe katika magunia yenye udongo safi. Watoto wasichezee tope la mfereji huo, na wavuvi wa ndoana wasivue pale unapomwaga ziwani.

Njia ya nne ni nguo za kazi. Mfanyakazi wa karakana ya betri, wa rangi au wa ngozi hurudi nyumbani na sumu katika ovaroli na viatu vyake, kisha humpakata mtoto. Nguo za kazi zibaki kazini. Isipowezekana, zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Mahali pa kuogea na kubadilishia nguo ni haki ambayo wafanyakazi yawapasa waidai kwa mwajiri kupitia chama chao.

Njia ya tano ni vyombo. Madumu na mapipa yaliyobeba kemikali huuzwa sokoni kwa bei rahisi, na watu huyanunua kwa kuwekea maji, mafuta ya kula au pombe. Dumu la tindikali au la dawa ya pamba halisafishiki kwa majani na mchanga. Mtumishi wa afya akiyaona madumu hayo sokoni, asipite kana kwamba hakuona.

Zebaki na samaki wetu

Mwanza ni mji wa dhahabu pia. Wachimbaji wadogo wa Geita na sehemu nyingine za Kanda ya Ziwa huishika dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki itoke kwa mvuke. Baadhi ya dhahabu hiyo huja mjini ikiwa bado na zebaki, ikachomwa tena katika vyumba vya wanunuzi, palipo na wapangaji ukuta kwa ukuta. Mvuke huo ukivutwa hudhuru ubongo na figo, na ni hatari zaidi kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi wanachama zikomeshe uchomaji wa namna hiyo katika makazi ya watu.

Jina la mkataba huo limetoka katika mji wa wavuvi wa Japani. Kiwanda cha kemikali cha Chisso kilimwaga zebaki katika ghuba ya Minamata. Zebaki ikaingia katika samaki, na samaki wakaliwa. Paka walianza kuyumba na kufa, kisha ikawa zamu ya watu. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, lakini kiwanda kiliendelea kumwaga hadi mwaka 1968.

Simsemi samaki wa Ziwa Victoria kwa ubaya. Uchunguzi uliokwisha kufanywa umeonyesha kwamba kwa jumla zebaki iliyomo katika samaki wetu ilikuwa chini ya kikomo kinachokubaliwa, na dagaa na sato waendelee kuliwa bila hofu. Nasema tu kwamba wao wa Minamata nao waliliona ziwa lao la chumvi kuwa kubwa mno kuchafuliwa. Ziwa letu lina upana wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini ghuba hii yetu ni nyembamba, na linalomwagwa pembeni hukawia pembeni.

Mali bila daftari

Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Na afya ni mali. Mwananchi akienda ofisini akasema, "Kiwanda kile kinatuua," afisa atamwuliza: lini, saa ngapi, kilimwaga nini, nani aliona? Asipokuwa na majibu, malalamiko yake yatawekwa katika jalada na kulala humo. Nimekaa na wananchi wa namna hiyo, na nimewaona wakiondoka wamevunjika moyo ilhali walikuwa na haki.

Basi napendekeza kila shule ya kata hii na kila ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari moja la mazingira. Siku mfereji unapobadilika rangi, iandikwe tarehe na saa. Siku moshi unaposhuka, uandikwe upande upepo ulikotoka. Siku samaki wanapoonekana wakielea, waandikwe wangapi na mahali gani, na picha ipigwe. Watoto wakikohoa kwa wingi, idadi yao iandikwe. Kiandikwe kilichoonekana tu, bila chumvi na bila kumtaja mtu kwa chuki. Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litakuwa shahidi asiyesahau wala kutishika.

Kisha daftari liende kwa ngazi. Lianze kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisa afya wa kata, lifike Halmashauri ya Jiji, na nakala ipelekwe kwa chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ambacho kina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Yakiwa mambo ya maji, iko Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Yakiwa ya wafanyakazi, uko Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Na katika kila barua ombi liwe moja lililo wazi: maji, udongo au damu vipimwe, na majibu yasomwe mbele ya wananchi. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo kwa kazi kama hizo. Barua inayoomba kipimo ni ngumu kuijibu kwa maneno matupu.

Sheria iko upande wa nani

Wako wanaosema kwamba mwananchi mdogo hawezi kitu. Historia yetu wenyewe inawapinga. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la takataka lililowaletea moshi, uvundo na nzi. Mahakama Kuu iliwapa haki. Halmashauri iliomba muda tena na tena, na mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuiongezea. Ndipo jaa likahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, na Jaji Rubama akakubali kwamba jaa lile lilihatarisha haki yao ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba.

Kesi hizo zina mafunzo mawili. La kwanza, haki ipo kwa anayeidai kwa utaratibu. La pili, kuuhamishia uchafu mlangoni mwa mwenzako si kuuondoa. Wa Mkuyuni wasishangilie karakana ya betri ikihamia Buhongwa.

Baada ya hapo ilikuja Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo imempa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, ikampa na njia ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa. Nayo serikali imekwisha kuonyesha kwamba hata mkubwa huulizwa. Mwezi Mei 2019 mgodi wa North Mara, katika kanda hii hii yetu, ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la mabaki ya madini.

Wajibu wetu

Najua mtumishi wa umma ataniuliza: je, nikiandika daftari hilo sitaonekana napinga maendeleo? Jibu ni kwamba daftari la kweli humsaidia hata mwenye kiwanda. Mfereji unaovuja ukigunduliwa mapema huzibwa kwa saruji kidogo. Ukiachwa miaka kumi, huzibwa kwa fidia na kwa kufunga milango, na wa kwanza kukosa kazi ni wale wale tuliodhani tunawalinda kwa kunyamaza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena, tusiwanyooshee wengine kidole huku mikono yetu ikinuka. Vyoo vya milimani vinavyofunguliwa wakati wa mvua ni vyetu. Mafuta machafu ya gari yanayomwagwa mtaroni ni yetu. Betri ya redio inayotupwa bustanini ni yetu. Anayedai maji safi kwa kiwanda na aanze na bomba la choo chake.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba kila mwalimu mkuu aliyemo humu anunue daftari moja kabla ya wiki hii kwisha, amchague mwalimu mmoja wa sayansi alishike, na ukurasa wa kwanza uandikwe mambo matatu: viwanda na karakana zilizoko mwendo wa nusu saa kutoka shuleni, mifereji inayotoka huko na mahali inapopita, na visima vinavyotumiwa na wanafunzi. Ofisa afya wa kata aombwe aje alisome daftari hilo kila mwisho wa muhula, na atie sahihi yake. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili wala kibali kutoka juu. Inahitaji kalamu, na watu waliosomeshwa kwa jasho la wananchi wakakumbuka kuitumia kwa faida yao.